Samuel Insull na hesabu ya kilele

Ankara ya umeme ya kiwanda, iwe imetoka TANESCO au Kenya Power, ina mstari ambao mtu aliyezoea kununua LUKU au tokeni za nyumbani huwa hajawahi kuuona. Juu kuna uniti zilizotumika. Chini yake kuna kVA, yaani mahitaji ya juu kabisa ambayo kiwanda kiliyafikia katika mwezi ule. Mita huchukua wastani wa kila kipindi kifupi, aghalabu dakika 30, na kutunza kile kilichozidi vyote. Meneja akiamua Jumatatu moja asubuhi kuendesha kinu, kompresa na vikaushio vyote kwa wakati mmoja, nusu saa ile atailipia mwezi mzima, hata kama siku zilizobaki mashine nusu zimelala. Ndiyo maana mafundi wenye uzoefu hupanga zamu za mashine, hufunga kapasita, vifaa vinavyopunguza kVA ambazo mashine huvuta bila kufanya kazi, na hukataa katakata kuwasha tanuri wakati kinu kiko kazini.

Aliyeigeuza hesabu hii kuwa msingi wa biashara ya umeme duniani ni Samuel Insull, aliyeongoza kampuni ya umeme ya Chicago kuanzia 1892 hadi 1932. Hakuwa mhandisi. Shule aliiacha akiwa na miaka 14. Mita iliyomtajirisha ilibuniwa na mtu mwingine, na mitambo ilitengenezwa na wengine. Alichokuwa nacho ni kuelewa, kabla ya wakurugenzi wenzake karibu wote, kwamba kampuni ya umeme huuza saa kuliko inavyouza mwanga. Kwa maoni yangu kanuni ileile, alipoisahau upande wa mikopo, ndiyo iliyommaliza.

Alizaliwa London tarehe 11 Novemba 1859. Baba yake alikuwa mhubiri wa harakati za kupinga pombe, mtu wa nia njema ambaye fedha hazikumkalia mkononi. Mama ndiye aliyeshikilia mapato, akiendesha hoteli isiyouza kileo. Samuel alianza kazi kama tarishi katika ofisi ya madalali wa mali. Usiku alijifunza hati mkato ya Pitman, ujuzi ambao siku hizi unaonekana wa kale lakini wakati ule ulimweka kijana maskini katika chumba ambamo mambo yalikuwa yanaamuliwa. Mwaka 1879 alipoteza kazi ile: nafasi yake alipewa kijana ambaye baba yake alikuwa tayari kulipa ili mwanawe afundwe udalali. Akajibu tangazo la gazetini lililotafuta katibu, bila kujua kwamba mwajiri ni George Gouraud, wakala wa Thomas Edison jijini London.

Katibu husoma barua zote. Kwa miezi kadhaa Insull alisoma mikataba, madai ya hataza na mahesabu ya biashara za Edison barani Ulaya, mpaka Edward Johnson, msaidizi wa Edison aliyekuja London kufunga simu, akaona kwamba kijana huyu anazijua kuliko wakubwa wake. Akampendekeza. Insull alishuka New York tarehe 28 Februari 1881 akiwa na miaka 21, na usiku uleule akawekwa kazini. Edison alitaka fedha za kujenga viwanda vya kutengeneza mashine za umeme. Insull akakaa hadi karibu na alfajiri akiorodhesha haki za hataza za Ulaya ambazo zingeweza kuuzwa au kuwekwa rehani.

Miaka 11 iliyofuata alishika mamlaka ya kisheria ya kusaini kwa niaba ya Edison, akalipa madeni yake, akamnunulia hadi nguo. Alikuwapo kituo cha umeme cha Pearl Street kilipowashwa New York tarehe 4 Septemba 1882. Mwaka 1886 kiwanda cha mashine kilipohamishiwa Schenectady, jimbo la New York, baada ya mgomo, yeye ndiye aliyepewa kukiendesha, na katika miaka sita wafanyakazi waliongezeka kutoka mamia machache hadi takriban 6,000.

Fundisho kubwa la kipindi hicho lilihusu fedha. Kampuni za miji midogo zilizonunua mitambo ya Edison hazikuwa na taslimu. Zilimlipa kwa hisa na hatifungani zake zenyewe. Kiwanda kilikuwa na oda tele na mfuko mtupu, na Insull ndiye aliyetumwa kubisha hodi benki kila mishahara ilipokaribia. Tatizo lilikuwa la maumbile ya biashara yenyewe. Ili upate dola moja ya mapato kwa mwaka, ulihitaji kwanza kuzika dola nne au tano kwenye mitambo, nguzo na nyaya. Hakuna biashara ya dukani inayofanana na hiyo. Anayeendesha kampuni ya umeme anaendesha deni, na Insull alilijua hilo kabla hajawa mkurugenzi wa kitu chochote.

Mwaka 1892 wenye benki waliunganisha kampuni ya Edison na mshindani wake Thomson-Houston, ikazaliwa General Electric. Insull aliahidiwa cheo cha makamu wa rais kwa mshahara wa dola 36,000 kwa mwaka. Akakataa, akaenda kuwa rais wa Chicago Edison kwa dola 12,000. Aliweka masharti: bodi ijenge kituo kipya kikubwa, na itoe hisa mpya za dola 250,000 ambazo zote atazinunua yeye. Fedha hakuwa nazo. Alimkopa Marshall Field, tajiri wa maduka wa Chicago. Mji ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja, lakini wateja wa umeme walikuwa takriban 5,000 tu, wamegawanywa na kampuni ndogo zaidi ya 20. Hoteli na maduka makubwa yalikuwa na majenereta yao chini ya jengo.

Alianza kwa kununua washindani mmoja baada ya mwingine. Papo hapo alifunga mikataba na watengenezaji wa Marekani kwamba vifaa vyao vya umeme, ndani ya Chicago, viuzwe kwake peke yake. Sharti hili lionekane dogo sasa, litarudi.

Kituo kipya cha Harrison Street kilifunguliwa 1894 kando ya mto. Sababu ya kukaa mtoni ni ya kiufundi. Injini ya mvuke inayopumulia hewani hupoteza nguvu nyingi. Ukiupeleka mvuke uliochoka kwenye kondensa inayopozwa kwa maji mengi, unatengeneza ombwe upande wa kutokea na kupata kazi zaidi kutoka kwa kilo ileile ya makaa. Kituo cha zamani cha Adams Street kilikuwa katikati ya mji, hakina maji ya kutosha, na makaa yalifikishwa kwa taabu. Mtoni makaa yaliletwa kwa wingi na kondensa zikapata maji. Shida ikawa umbali, kwa kuwa umeme wa DC (mkondo unaokwenda upande mmoja tu) wa wakati ule ulichoka baada ya kilomita moja au mbili. Suluhu ilikuwa kuufua kama AC (mkondo unaogeuka mwelekeo tena na tena), kuusafirisha kwa volti kubwa, kisha kuugeuza kuwa DC kwenye vituo vidogo kwa mashine za kuzunguka. Ugomvi maarufu wa AC na DC, ambao watu hupenda kuusimulia kama ndondi, kwa Insull ulikwisha namna hiyo: alitumia vyote viwili.

Hapo ndipo tatizo la saa lilipojitokeza. Wateja wake wengi walikuwa wa taa. Jioni za Desemba, kwenye saa kumi na moja, ofisi zilikuwa hazijafungwa, maduka yamewasha, nyumba zinaanza kuwasha, na mitambo yote ilikuwa kazini. Saa tisa za usiku mitambo ileile ilikaa kimya huku riba ya mkopo ikiendelea. Mwenye daladala analijua hili: rejesho la benki na bima havipungui gari likilala gereji.

Chukua tarakimu za mfano. Tuseme kila kilowati ya mtambo inagharimu dola 20 kwa mwaka kwa riba na uchakavu, itumike isitumike. Mteja akiitumia saa moja kwa siku, anachukua uniti 365 kwa mwaka (uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja), na kila uniti inabeba karibu senti 5.5 za gharama hiyo kabla hujaweka makaa. Akiitumia saa nane kwa siku, uniti zinakuwa 2,920 na mzigo unashuka hadi senti 0.7 hivi. Mtambo ni uleule na mkopo ni uleule. Sasa, ukimtoza kila mtu bei moja kwa uniti, unampunja wa pili ili umbebe wa kwanza, na wa pili ndiye mwenye kiwanda anayeweza kununua jenereta yake na kukuacha.

Jibu alilipata likizoni. Mwaka 1894 alirudi Uingereza na kufika Brighton, mji wa pwani, akashangaa kuona maduka madogo yanawaka taa hadi usiku. Meneja wa umeme wa mji ule, Arthur Wright, alikuwa amebuni mita ya pili iliyofungwa sambamba na ile ya uniti. Ilikuwa mrija wa kioo wenye umbo la U, na kimiminika ndani yake. Mkondo wa umeme ulipasha joto hewa iliyofungwa upande mmoja. Hewa ikatanuka, ikasukuma kimiminika, kikamwagikia kwenye kijimrija chenye alama ambacho hakikuweza kukirudisha. Msoma mita alitazama kimefika wapi, akajua kilele cha mwezi, akauinamisha mrija ili kirudi, na mwezi mpya ukaanza. Uzuri wake ni uvivu wake. Joto huchukua muda, kwa hiyo mshtuko wa sekunde chache haukuandikwa; kilichoandikwa ni matumizi makubwa yaliyodumu.

Bei ikagawanywa sehemu mbili. Weka mfano wa senti 20 kwa uniti zinazolingana na saa moja kwa siku ya kilele cha mteja, na senti 10 kwa zinazozidi. Maduka mawili yametumia uniti 60 kila moja kwa mwezi. La kwanza lina taa nyingi zinazofika kilowati 2 lakini huwaka saa moja tu kwa siku: uniti zote 60 zinaangukia bei ya juu, na bili ni dola 12. La pili lina kilowati 0.5 kwa saa nne kila siku: uniti 15 kwa senti 20, nyingine 45 kwa senti 10, jumla dola 7.50. Mwenye duka la pili anaona kwamba saa ya tano itamgharimu kidogo, kwa hiyo anaacha taa ziwake. Insull alitaka hivyo hasa. Kufikia mwisho wa muongo ule mfumo huu ulikuwa umeshika Chicago, bei ikaanza kushuka mwaka hadi mwaka, na wateja wakapanda hadi takriban 200,000 mwaka 1913.

Kasoro za mita ya Wright zilionekana mapema, na ni vizuri kuzitaja kwa sababu bado zinaishi kwenye ankara zetu. Inapima kilele cha mteja. Haijui kama kilele hicho kimegongana na kilele cha mtambo. Mwoka mikate anayetumia umeme mwingi saa tisa usiku hamsumbui mtu, lakini mita inamtoza sawa na mwenye duka wa saa kumi na moja jioni. Insull alilizunguka tatizo kwa mikataba maalumu. Viwanda vya barafu vilipewa bei ya chini kwa kuwa kazi yao hukolea kiangazi, wakati taa zinapumzika. Kampuni za tramu na treni za mjini zilipewa bei ambayo zisingeweza kuifikia kwa mitambo yao wenyewe. Vilele vyao vilikuwa asubuhi na jioni, lakini zilivuta umeme mchana kutwa na kuujaza ule wakati mfu wa adhuhuri.

Ushahidi mzuri zaidi aliutoa kwenye mtaa mmoja wa nyumba za kupanga Chicago, wenye makazi 193. Ukijumlisha kilele cha kila kaya, unapata kilowati 68.5. Lakini mzigo halisi uliowafikia kwa pamoja haukuzidi kilowati 20 hivi. Huyu anapika, yule hajarudi kazini, mwingine keshalala. Kila kaya ingejinunulia jenereta yake, mtaa ungehitaji mitambo zaidi ya mara tatu. Hapo ndipo penye hoja yake yote ya kutaka kampuni moja kwa mji mmoja: vilele vya watu wengi havigongani, na anayewahudumia wote hujenga kidogo kuliko jumla yao.

Alihitaji sasa mashine kubwa, na injini za pistoni zilikuwa zimefika ukingoni. Pistoni na magurudumu mazito yanayokwenda na kurudi hutikisa jengo, hula nafasi, na kila ukiongeza ukubwa msingi unapaswa kuwa mzito zaidi. Insull akataka tabo, yaani ekseli yenye mapanga inayozungushwa moja kwa moja na mvuke. General Electric ilisita: tabo zilizokuwapo Marekani zilikuwa za kilowati elfu moja na ushei, naye alitaka 5,000. Wakagawana hatari, kiwanda kikabeba gharama ya kuitengeneza, Chicago ikabeba ya kuisimika.

Ile ya kwanza iliwashwa katika kituo cha Fisk Street, Chicago, Oktoba 1903. Ilikuwa ya muundo wa Curtis, imesimama wima, jenereta ikiwa juu ya mapanga. Uzito wote unaozunguka ulielea juu ya tabaka jembamba la kilainishi kilichosukumwa kwa shinikizo kubwa chini ya ekseli; pampu ikifa, ekseli inakaa juu ya chuma na kazi imekwisha. Siku ya kuiwasha mhandisi Fred Sargent alimshauri bosi wake atoke kwa kuwa hakuna aliyejua itafanya nini. Insull akabaki, akisema kwamba ikilipuka na yeye amekwisha hata hivyo. Hakuwa anajigamba, deni lilikuwa limefika huko. Miaka michache baadaye tabo hizo ziling'olewa, zikawekwa za kilowati 12,000 ndani ya jengo lilelile, na ile ya kwanza ikarudishwa Schenectady kama mnara wa kumbukumbu. Kituo cha Fisk chenyewe kilifungwa 2012.

Upande wa siasa ni mchafu zaidi. Madiwani wa Chicago wakati ule walikuwa na biashara yao: kuunda kampuni ya uongo, kuipa kibali cha kusambaza umeme au gesi, kisha kumlazimisha mwenye kampuni ya kweli ainunue kabla haijamharibia soko. Mwaka 1897 walimfanyia Insull. Alipokataa kutoa hongo, wakaipa Commonwealth Electric, kampuni isiyo na hata waya mmoja, kibali cha miaka 50. Wakaenda kununua mitambo, wakakuta hakuna mtengenezaji wa Marekani anayeweza kuwauzia, kwa sababu ya mikataba ile ya mwanzo. Mwishowe wakamuuzia Insull kampuni yao kwa dola 50,000. Kibali chake mwenyewe kilikuwa cha miaka 25 na kingekwisha 1912; sasa alikuwa na cha miaka 50, na kwa kibali kirefu unaweza kuuza hatifungani za muda mrefu kwa riba ndogo. Mwaka 1907 kampuni mbili ziliunganishwa, ikapatikana Commonwealth Edison.

Katikati ya mkasa huo, 1898, alisimama mbele ya chama cha kitaifa cha kampuni za umeme, akiwa rais wake, na kusema kampuni hizi zikubali kudhibitiwa na serikali za majimbo: tume ipange bei kwa kufuata gharama pamoja na faida ya wastani, na kwa upande wake kampuni ilindwe eneo lake. Wenzake walimwona kachanganyikiwa. Wisconsin na New York ziliunda tume za aina hiyo mwaka 1907, na majimbo mengine yakafuata. Wanaomsifu kwa hili kama mtetezi wa wananchi wanazidisha. Mdhibiti alimwondolea madiwani mgongoni na kumpunguzia riba benki, na sioni ubaya wa kulisema wazi. EWURA ya Tanzania na EPRA ya Kenya zinapopokea maombi ya bei mpya na kukagua gharama kabla ya kuziruhusu, zinafuata njia iliyokanyagwa miaka ile.

Jaribio la Lake County, kaskazini ya Chicago, linastahili kusomwa na kila anayeshughulikia umeme wa vijijini. Kuanzia 1910 Insull alinunua mitambo midogo ya wilaya ile. Kati ya miji 22, chini ya nusu ilikuwa na umeme, na mingi ya hiyo ilikuwa nao jioni tu. Alifunga vijitambo vile, akavuta laini za volti kubwa kutoka vituo vichache vilivyo bora, akaunganisha miji yote pamoja na mashamba yaliyokuwa njiani. Umeme ukawa wa saa 24. Gharama ya laini ilikuwa kubwa, lakini iliokolewa na vilele kutogongana: mji wa mapumziko hukolea kiangazi, mji wa kilimo hukolea mavuno, mji wa viwanda mchana. Bila mchanganyiko huo hesabu isingekubali, na ndipo miradi mingi ya kupeleka umeme vijijini inapokwama hadi leo: laini inafika, mzigo wa mchana haupo.

Mwaka 1912 alianzisha Middle West Utilities, kampuni hodhi ya kununua kampuni za umeme za miji mingine, ikisimamiwa na mdogo wake Martin. Ilikuja kuenea majimbo zaidi ya 30. Mengine ya miaka ile nayapita haraka: aliongoza baraza la ulinzi la Illinois wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaokoa kampuni ya gesi ya Chicago, akaanza kuwauzia hisa wateja wake nyumba kwa nyumba, na akajenga jumba la opera lililofunguliwa tarehe 4 Novemba 1929, siku chache baada ya soko la hisa la New York kuporomoka.

Kinachohitaji subira ni piramidi, yaani kampuni hodhi kupandishwa juu ya kampuni hodhi. Tarakimu hizi ni zangu, za kuonyesha utaratibu. Kampuni ya umeme ina mitambo ya dola milioni 100. Milioni 50 zimetokana na hatifungani za riba ya asilimia 5, milioni 30 ni hisa za upendeleo (zinazolipwa kabla ya za kawaida) zenye gawio la asilimia 6, milioni 20 ni hisa za kawaida zenye kura. Kampuni hodhi A inanunua nusu ya hisa za kawaida kwa milioni 10, ikizigharamia kwa hatifungani milioni 4, upendeleo milioni 3, na hisa zake za kawaida milioni 3. Kampuni hodhi B inanunua nusu ya hizo kwa milioni 1.5, kwa mafungu matatu ya 500,000. Mwenye nusu ya hisa za kawaida za B ametoa dola 250,000 na anatawala mitambo ya milioni 100.

Mtambo ukizalisha faida ya milioni 7, baada ya riba na magawio ya upendeleo zinabaki milioni 2.7. A inapata nusu, inalipa riba na upendeleo wake kwa viwango vilevile, inabaki na 970,000. B inapata nusu ya hizo, inalipa riba na upendeleo wake, inabaki na 430,000 kwa mtaji wa kawaida wa 500,000. Faida ya asilimia 86! Mnunuzi wa hisa Chicago mwaka 1929 aliona tarakimu kama hiyo, hakuuliza imepitia ngazi ngapi.

Sasa faida ya mtambo ipungue asilimia 30, iwe milioni 4.9. Kampuni ya umeme bado inalipa riba yote, upendeleo wote, na inabaki na 600,000 za wenye hisa za kawaida. A inapata 300,000, lakini inadaiwa 380,000; inalipa riba, inapunja wenye upendeleo, haina cha kupeleka juu. B haipati hata senti na haiwezi kulipa riba yake. Imekufa, na taa za mji hazijapepesa.

Insull mwenyewe aliongeza ngazi akiwa katika hofu. Cyrus Eaton, mfanyabiashara wa Cleveland, alikuwa ameanza kukusanya hisa za kampuni zake. Ili asinyang'anywe, Insull aliunda Insull Utility Investments mwishoni mwa 1928, kisha Corporation Securities Company mwaka 1929, kila moja ikishika hisa za mwenzake. Mwaka 1930 akamnunua Eaton kwa takriban dola milioni 56, bei iliyozidi ya soko. Sehemu kubwa ilikuwa mkopo wa benki, na kwa mara ya kwanza benki za New York, ambazo alikuwa akizikwepa kwa miaka mingi, ziliingia kama mdai wake. Dhamana ilikuwa hisa zilezile.

Hapo ndipo alipojikwaa kwenye kanuni yake. Wateja 193 hawawashi taa kwa dakika moja. Wadai hutaka fedha zao kwa dakika moja. Bei ya hisa iliposhuka, kila benki ilidai dhamana zaidi, na dhamana pekee iliyokuwapo ilikuwa hisa zilizokuwa zinashuka. Uingereza ilipoacha kiwango cha dhahabu, yaani kuifunga thamani ya fedha yake na dhahabu, Septemba 1931, masoko yalianguka tena, na kufikia mwisho wa mwaka hakukuwa na hisa iliyobaki bila kuwekwa rehani. Ajabu ni kwamba mauzo ya umeme majumbani hayakuanguka kama hisa. Ungeangalia mita tu, usingejua kuna msiba.

Benki zilimleta Arthur Andersen, mhasibu wa Chicago, akague mahesabu. Alitilia shaka jinsi uchakavu wa mitambo ulivyokuwa ukitengewa fedha: kiasi kiliwekwa kwa hiari ya menejimenti, na ukiweka kidogo faida inanona. Kazi ile ilimjengea Andersen jina. Miaka 70 baadaye kampuni aliyoiacha ilizama na Enron, kampuni nyingine ya nishati. Aprili 1932 Middle West na kampuni zile mbili za uwekezaji ziliwekwa chini ya mfilisi. Juni Insull alijiuzulu nyadhifa zake zote, akaondoka kwenda Paris.

Aliposhtakiwa Oktoba alikimbilia Ugiriki, ambayo mahakama zake zilikataa mara mbili kumrudisha. Machi 1934 alitoka Athens kwa meli aliyoikodi, iitwayo Maiotis. Waturuki wakamshusha Istanbul na kumkabidhi kwa Wamarekani. Kesi ya udanganyifu kwa njia ya posta ilisikilizwa Chicago vuli ya mwaka ule, yeye na wenzake 16. Mawakili walimwacha asimulie maisha yake tangu utarishi, na baraza la wazee wa mahakama likawaachia wote baada ya saa mbili hivi. Kesi nyingine mbili zilizofuata nazo alizishinda. Alifariki kwa moyo katika kituo cha treni za chini ya ardhi Paris tarehe 16 Julai 1938, akazikwa London.

Binafsi naona baraza lilikuwa sahihi kwa mashtaka yaliyoletwa. Hisa zake mwenyewe zilikuwa rehani pamoja na za wengine, na mwizi haweki rehani mali yake ya mwisho ili kuokoa kampuni. Hilo halikuwafuta machozi walimu, wajane na makarani waliokuwa wamenunua hisa kwa kuwa walimwamini mtu wa umeme wao.

Sheria ya kampuni hodhi za huduma za umma ilipita Marekani 1935, Roosevelt akiwa amemtaja Insull kwa jina kwenye kampeni yake. Ilikata ngazi za piramidi zilizozidi mbili juu ya kampuni ya umeme, ikataka kila kundi liwe na mfumo mmoja uliounganika kijiografia, na ikaizuia kampuni tanzu kumkopesha mama yake. Katika ushauri wa kifedha uliowahi kuandikwa kuhusu umeme, sharti hilo la tatu naliweka juu ya yote, kwa sababu mama akiishiwa hutazama kwanza sanduku la mtoto mwenye mapato ya kila mwezi. Sheria ilifutwa 2005. Majimbo kadhaa ya Marekani yamebaki na masharti yao ya kutenganisha fedha za kampuni ya umeme na za mmiliki wake. Commonwealth Edison, ambayo haikufilisika mwaka 1932, sasa ni mali ya Exelon, na bado ndiyo inayopeleka umeme Chicago na Lake County.